Pua ya bibi na mwanahesabu wa Vienna: historia fupi ya lenzi ya kupigia sura

Mwaka jana wakati wa likizo nilikwenda Tanga kumsalimia bibi. Baada ya shikamoo na chai akaniita uani, akaendelea kumenya machungwa yake, kisha akasema kama mtu anayeagiza sukari dukani: "Mume wangu, nataka unipige picha. Picha nzuri, ile mtakayoiweka mbele siku yangu."

Wazee wetu ndivyo walivyo. Nikacheka kwa kukosa la kusema, nikatoa simu, nikasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, nikabonyeza.

Akaishika simu mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. "Huyu nani? Na hii pua ya nani?"

Akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ndani yake kulikuwa na picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo, kona moja imeliwa na mende, aliyopigwa studio mjini mwaka 1968. "Huyu ndiye mimi," akasema. Na kweli, ukimtazama yule binti wa 1968 na huyu mzee mwenye kisu cha machungwa, unaona ni mtu mmoja. Ukitazama picha ya simu yangu, unaona kama ndugu yake wa mbali, tena upande wa baba.

Sasa mimi nasoma fizikia, na mwanga ndio mkate wangu. Aibu niliyoipata siku ile ilikuwa ya kitaaluma kabisa. Simu yangu ina pikseli zisizo na idadi. Fundi wa 1968 alikuwa na sanduku, kitambaa cheusi na kipande cha kioo. Iweje yeye ampate bibi na mimi nimkose? Isitoshe, nilikuwa na akiba kidogo ya kununua lenzi kwa ajili ya kamera yangu ya mtumba, ile ninayopigia picha za mahafali kutafuta nauli. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: "Chukua hii, inafuta nyuma vizuri." Yaani lenzi nzuri ya kupiga sura za watu ni ile inayofifisha kilicho nyuma ya mtu. Hakuna aliyeniambia habari za pua.

Ndipo nikaanza kuchimba historia. Nikagundua kwamba lenzi ya kupigia sura haikubuniwa ili ifute nyuma. Ilibuniwa kujibu swali jingine: binadamu anaweza kukaa bila kutikisika kwa muda gani?

Mtaa uliojaa watu, picha isiyo na watu

Turudi Paris, mwaka 1838. Louis Daguerre anaweka kamera yake dirishani na kupiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, farasi na mikokoteni ikipita huku na huko. Lakini kwenye picha barabara ni tupu, kama siku ya Idd asubuhi watu wakiwa bado msikitini. Anayeonekana ni mtu mmoja tu pembeni, amesimama anang'arishwa viatu.

Wengine walikwenda wapi? Walikuwepo, ila walikuwa wanatembea. Bamba la Daguerre, shaba iliyopakwa fedha na kufukizwa mvuke wa aidini, lilikuwa linapokea mwanga taratibu mno. Ilibidi lenzi iachwe wazi kwa dakika kadhaa. Aliyepita hakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Aliyekuwa anang'arishwa viatu alitulia, naye akaingia kwenye historia kwa sababu ya viatu vichafu.

Daguerre alipotangaza siri zake hadharani mwezi Agosti 1839, dunia ilishangilia. Wengi walichotaka si picha za majumba, walitaka sura zao na za wapendwa wao. Tatizo likawa lenzi. Ile iliyotumika ilitengenezwa na fundi wa vioo wa Paris, Charles Chevalier. Ilikuwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, na mbele yake kibati chenye tundu dogo. Tundu lile halikuwekwa kwa bahati mbaya: bila hilo, picha ingekuwa na ukungu kila mahali isipokuwa katikati. Ukibana tundu picha inatulia, lakini mwanga nao unabanwa.

Hapa inabidi tufanye hesabu moja, msomaji, usiondoke. Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga tunaupima kwa namba f. Unachukua umbali wa fokasi, yaani zile milimita zinazoandikwa kwenye lenzi, unagawanya kwa upana wa tundu lake. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Na kwa kuwa tundu ni duara, mwanga unafuata kipeo cha pili: tundu likiwa pana mara mbili, mwanga unaongezeka mara nne. Lenzi ya Chevalier ilikuwa na namba f ya karibu 15. Kwa majengo si neno, nyumba haipepesi macho. Kwa mtu ilikuwa mateso. Unakaa juani, kichwa kimeshikwa kwa nyuma na chuma chenye kishikio ili usitikisike, macho yanatoa machozi, na ukipiga chafya mchezo umeisha.

Waliojaribu hawakukosekana. Mwishoni mwa 1839 huko Philadelphia, Marekani, Robert Cornelius alijipiga picha mwenyewe nje ya duka la familia yake. Leo inahesabiwa miongoni mwa picha za sura za kwanza kabisa duniani. New York nako, Alexander Wolcott aliona lenzi zinamchelewesha, akaziacha kabisa. Akatumia kioo cha kujitazamia kilichobonyea kukusanya mwanga, na mwaka 1840 akafungua studio. Yaani shida ya mwanga ilikuwa kubwa kiasi hicho, mtu anatupa lenzi yote ilimradi sura ipatikane.

Hesabu kwanza, kioo baadaye

Habari za Daguerre zilifika Vienna kupitia profesa mmoja, Andreas von Ettingshausen, aliyekuwa Paris mwaka ule wa 1839. Aliporudi akamweleza mwenzake wa chuo kikuu, profesa wa hisabati Joseph Petzval, kwamba fani hii mpya inakwama kwa kukosa lenzi yenye mwanga wa kutosha.

Petzval alizaliwa mwaka 1807 huko Spišská Belá, mji ambao leo uko Slovakia. Hakuwa fundi wa vioo. Na hapo ndipo uzito wa habari hii ulipo. Mpaka wakati huo lenzi nyingi zilitengenezwa kwa uzoefu wa mkono: fundi anasaga kioo, anajaribu, anasaga tena, kama fundi seremala anavyopima kwa jicho. Petzval alikaa mezani kwanza. Alifuatilia kwa hesabu miale ya mwanga inavyopinda kila inapoingia na kutoka kwenye kila kioo, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka apate mpangilio utakaoikusanya mahali pamoja hata tundu likiwa pana.

Leo kompyuta yangu mbovu inafanya kazi hiyo huku nakunywa maji. Mwaka 1840 kompyuta ilikuwa mtu. Inasimuliwa kwamba Petzval aliazimwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Austria wamsaidie kukokotoa. Msomaji unaweza kushangaa, mizinga na picha wapi na wapi? Lakini fikiria: askari wa mizinga ndio waliozoea majedwali ya logi na pembe, kwa sababu ya kukadiria kombora litaangukia wapi. Mara hii hesabu zao zilielekezwa kwenye uso wa mtu.

Matokeo yake ni lenzi ya vioo vinne katika mafungu mawili. Fungu la mbele, vioo viwili vimegandishwa pamoja. Fungu la nyuma, vioo viwili vimeachiwa nafasi kati yao. Kampuni ya Voigtländer ya palepale Vienna ikaitengeneza mwaka 1840, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye kamera ya shaba njano iliyofanana na darubini, yenye kutoa picha ya duara. Umbali wa fokasi ulikuwa karibu milimita 150, na namba f ilikuwa 3.6.

Sasa tumia ile hesabu yetu. Gawanya 15 kwa 3.6, unapata 4 na ushei. Zidisha kwa yenyewe: zaidi ya 17. Yaani kwa hatua moja ya kalamu, mwanga uliongezeka mara 17. Kilichohitaji dakika 8 kikawa kinahitaji nusu dakika tu. Wakemia nao hawakulala. Waliongeza mvuke wa bromini kwenye bamba ili lipokee mwanga haraka zaidi. Vitu hivyo viwili vilipokutana, muda wa kukaa mbele ya kamera ukashuka chini ya dakika moja, na kwenye mwanga mzuri ukahesabiwa kwa sekunde.

Nusu dakika mtu anaweza kuvumilia. Mama anaweza kumtuliza mtoto. Mzee anaweza kukaa na heshima yake bila kuonekana kama amefungwa kwenye chuma. Biashara ya studio ikaenea Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi lenzi ya aina ya Petzval ndiyo iliyokuwa macho yake.

Petzval mwenyewe hakufaidi sana. Alilipwa mara moja tu, akagombana na Voigtländer kuhusu haki ya lenzi ile, na kampuni ikahamishia kazi zake Braunschweig, Ujerumani, ambako hati miliki ya Austria haikufika. Mwaka 1859 nyumba yake ilivunjwa na maandiko yake yakaharibiwa. Alikufa mwaka 1891. Sisi tunaosoma macho ya mwanga tunalitaja jina lake karibu kila wiki, kwenye kanuni inayoitwa jumlisho la Petzval. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo inaeleza dosari ambayo lenzi yake mwenyewe ilikuwa nayo.

Dosari iliyogeuka kuwa uzuri

Dosari yenyewe ni hii. Bamba la picha ni bapa kama meza. Lakini lenzi ya Petzval haikusanyi picha kwenye uso bapa. Inaikusanya kwenye uso uliopinda kama sehemu ya ndani ya bakuli. Ukiitega ili katikati pawe pakali, pembeni lazima pafifie. Kadiri unavyokwenda ukingoni, ukungu unazidi, na majani ya mti yaliyo nyuma yanaonekana kama yanazunguka.

Kwa mpiga picha wa ramani au jengo hilo ni balaa. Lakini tazama sura ya mtu iko wapi kwenye picha: katikati. Macho makali, mabega yamefifia kidogo, kiti na ukuta vimepotea. Juu ya hapo, tundu pana lina tabia yake nyingine: linashika kwa ukali kina kifupi tu cha vitu, na kilicho mbele au nyuma ya hapo kinafifia. Kwa hiyo ule mwonekano tunaouita "picha ya kitaalamu", uso uliojitenga na mandhari iliyoyeyuka, haukuanza kama uzuri uliotafutwa. Ulikuwa gharama ya kupata mwanga. Watu wakaizoea gharama ile, wakaipenda, mwishowe wakaanza kuilipia.

Na waliilipia kweli. Mwaka 1866 John Henry Dallmeyer wa London alitoa lenzi ya sura ambayo mpiga picha angeweza kulegeza kioo cha nyuma makusudi ili aongeze ulaini. Hebu fikiria: miaka 26 tu baada ya Petzval kuhangaika kuondoa ukungu, mtu anauza ukungu unaorekebishika.

Wakati huohuo kisiwani Wight, Uingereza, Julia Margaret Cameron alikuwa akiwashangaza na kuwaudhi wapiga picha wenzake. Alipata kamera yake ya kwanza mwishoni mwa 1863, akiwa na miaka 48, zawadi kutoka kwa binti yake. Lenzi yake ya kwanza ilikuwa ya aina ya Petzval. Alisogea, akaupa uso nafasi kubwa, na alipofika mahali macho yake yakaridhika hakuendelea kukaza mpaka ukali wa mwisho. Wakosoaji wakasema hajui kazi. Leo picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa.

Mmoja wa aliowapiga, mwaka 1868, ni mtoto wa miaka 7, mwanamfalme Alemayehu wa Ethiopia. Baba yake, mfalme Tewodros, alikuwa amekufa mwaka uleule Waingereza walipoivamia ngome ya Maqdala, na mtoto akachukuliwa hadi Uingereza, ambako alikufa mwaka 1879 akiwa na miaka 18. Ukitazama picha zile, unatambua kwamba ulaini wa lenzi unaweza kuufanya uso uwe wa huruma huku ukifuta kabisa mahali mtoto alipo na aliyemleta pale. Kufuta nyuma si jambo dogo. Nyuma ndiko kwenye habari nusu ya mtu.

Mbio hizo hazijaisha. Mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilichangisha zaidi ya dola milioni 1 mtandaoni ili kuifufua lenzi ya Petzval kwa kamera za kisasa, dosari zake zikiwemo. Watu walilipia ule mzunguko wa pembeni. Mwaka 2016 simu ya iPhone 7 Plus ikaja na lenzi mbili na programu inayokadiria umbali wa kila kitu, kisha inapaka ukungu nyuma ya mtu kwa hesabu. Askari wa mizinga walikokotoa ili uso uonekane. Kompyuta za mfukoni zinakokotoa ili ukuta usionekane.

Fundi wa 1968 alisimama wapi

Haya yote ni mazuri, lakini hayajajibu habari ya pua. Picha ya bibi ya 1968 haikuwa na ukungu nyuma. Nyuma kuna pazia, tena mikunjo yake inahesabika. Nikampigia simu.

"Bibi, unakumbuka siku ile studio?"

"Nakumbuka. Nilivaa gauni la shangazi yako, lilinibana."

"Yule fundi alikuwa amesimama karibu nawe?"

"Karibu wapi! Alikuwa kule, kajifunika kitambaa cheusi. Akaja akaninyanyua kidevu kwa kidole, akarudi. Akaniambia nisipumue."

"Alipiga hatua ngapi kurudi?"

Akafikiri. "Tatu. Nne hivi."

Jibu lote lilikuwa pale. Chukua ncha ya pua yako na sikio lako: sikio liko nyuma ya pua kwa karibu sentimita 12. Mimi na simu yangu nilisimama sentimita 30 kutoka kwenye pua ya bibi. Kwa hiyo pua iko sentimita 30 na masikio yako 42. Kitu kilicho karibu kinaonekana kikubwa kwa uwiano wa umbali, na 42 gawanya kwa 30 ni 1.4. Nilimwongezea bibi pua asilimia 40 ukilinganisha na masikio yake! Sasa rudi nyuma mita moja na nusu: pua sentimita 150, masikio 162. Uwiano ni 1.08. Asilimia 8 tu, na ndivyo tunavyoonana tukikaa barazani tunazungumza. Hatua tatu nne za yule fundi zilimfikisha hapo au mbali zaidi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la upasuaji wa uso hesabu ya aina hiihii. Selfi ya umbali wa futi moja hufanya sehemu ya chini ya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya futi tano. Walikuwa na sababu ya kulishughulikia: watu wanakwenda kwa madaktari kutaka kupunguzwa pua ambazo hawana, pua za selfi.

Kwa hiyo tulitie jambo hili akilini, kwa sababu hata wapiga picha wazoefu hulisema kinyume. Lenzi haibadilishi sura ya mtu. Kinachobadilisha ni mahali unaposimama. Lenzi inakuamulia tu usimame wapi ili uso ujae kwenye picha. Lenzi fupi inakuvuta karibu. Lenzi ndefu inakusukuma mbali.

Studio za zamani hazikuwa na hiari katika hilo. Kamera zilikuwa kubwa, mabamba makubwa, na lenzi ndefu. Fundi alihitaji chumba kirefu, mwanga wa dirisha, na mteja mwisho wa chumba. Ndivyo zilivyofanya kazi studio za Ulaya, na fani hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikafika pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa na studio kama za Gomes na za ndugu Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio palepale Zanzibar, iliyorithiwa na mwanawe. Tazama picha za studio za pwani: watu wamekaa wima, mikono imetulia, uwiano wa uso ni wa kawaida. Tunadhani ni ukali wa zamani, kumbe kwa sehemu ni jiometri.

Kamera ndogo zilipokuja, hekima hii ilibidi ihamishwe. Mwaka 1925 Leica iliingia sokoni ikitumia filamu ya sinema, picha moja ikiwa milimita 24 kwa 36. Lenzi yake ya kawaida ilikuwa ya milimita 50. Kwa lenzi hiyo, ukitaka kichwa na mabega vijae kwenye picha ya kusimama, unalazimika kuwa karibu sentimita 90 na mtu wako. Ni karibu mno kidogo. Ndiyo maana miaka ya 1930 zikatoka lenzi za milimita 85 na 90, na baadaye 105. Kwa lenzi ya 85, picha ileile inakusimamisha mita moja na nusu. Hizo namba ambazo wauzaji wanazitaja kama za uganga si chochote zaidi ya hatua za yule fundi, zimeandikwa upya kwa milimita. Na simu je? Lenzi yake kuu kwa kawaida ni sawa na milimita 26 hivi kwenye kipimo hicho. Kichwa na mabega vinajaa ukiwa chini ya nusu mita. Kwa uso peke yake, unafika kule nilikofika mimi.

Basi nikanunua nini

Nilirudi dukani na maswali mawili badala ya moja. La kwanza ni la miguu: lenzi hii itanisimamisha wapi? La pili ni la Petzval: itapitisha mwanga kiasi gani? Suala la kufuta nyuma nikaliacha lije lenyewe kama lilivyokuja mwaka 1840.

Kamera yangu ina kihisi kidogo, kile kinachokata picha mara 1.5. Lenzi ya milimita 50 juu yake inafanya kazi kama ya 75. Inanisimamisha mita moja na robo hivi, na nikiacha nafasi kidogo kuzunguka kichwa nafika mita moja na nusu. Na lenzi ya 50 yenye namba f 1.8 ndiyo ya bei ya chini kuliko nyingi. Ile iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, ina namba f 5.6. Gawanya 5.6 kwa 1.8, zidisha kwa yenyewe: karibu mara 10 ya mwanga. Si mara 17 za Petzval, lakini kwa mtu anayepiga picha kwenye varanda jioni bila taa, ni tofauti ya kupata na kukosa. Nikaacha ile ya 85 iliyong'aa kabatini. Ingenidai hela mara kadhaa na chumba ambacho bibi hana: kwenye kihisi changu ingenipeleka mita mbili na zaidi, na sebule yake inaisha kabla ya hapo.

Kama huna kamera, usikate tamaa. Chukua simu yako, rudi nyuma mpaka mita moja na nusu, kisha vuta picha au ikate baadaye. Utapoteza pikseli kadhaa, utarudishiwa mtu wako.

Nilirudi Tanga mwezi wa kumi na mbili. Nikamkalisha bibi kwenye kigoda mlangoni, mwanga wa uani ukimpiga kwa pembeni, nami nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la vyombo. Sikumfutia nyuma. Nilibana tundu kiasi ili mkeka na mlango vionekane, kwa sababu siku hiyo itakapofika nataka watu waone na alipokuwa anakaa.

"Nisipumue?" akauliza.

"Pumua tu, bibi. Siku hizi wanakuruhusu."

Akapumua. Nikapiga tisa. Alipoonyeshwa aliikazia macho moja kwa muda, akaigusa kwa kidole pale kwenye pua kama anaipima.

"Huyu namjua," akasema. "Zitoe mbili. Moja muifiche kabatini mpaka siku yangu. Moja nipe sasa hivi niitundike, niitazame na mimi."